Jina la Baba Kwenye Kipaza Sauti

Kazi yangu mimi ni kuchapa. Nina steshenari Mkomaindo, hapa Masasi, karibu na hospitali: kompyuta moja, printa moja yenye kiburi, na mashine ya kutoa kopi ambayo ikipata joto inataka kubembelezwa. Nachapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala za wahitimu, mikataba ya mashamba. Sasa watu wa mjini kwetu wana imani moja, kwamba mwenye printa ndiye mwandishi. Kwa hiyo baba yangu, Mwalimu Mujibu Khalidi, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na mitano, alipoamua kwamba ukoo wetu unahitaji kitabu, hakuniuliza kama naweza. Aliniuliza nitamaliza lini.

"Kabla ya Ramadhani," nikasema, ili aondoke tu, maana nilikuwa na wateja.

Nilijuta. Kila siku saa kumi alasiri Baba alikuwa anakuja na daftari, anakalia stuli ya wateja, ananisomea. Sura ya kwanza mpaka ya sita zote yeye. Baba anafundisha Lukuledi. Baba anajenga choo cha shule. Baba anamkemea mkaguzi mpaka mkaguzi anaomba radhi. Lakini utoto wake ulikuwa mstari mmoja: "Nilizaliwa Newala katika nyumba kubwa, nikaanza shule." Basi! Choo kimepewa kurasa nne, utoto mstari mmoja!

"Baba, nani alikulea? Nyumba hiyo kubwa iko kijiji gani? Tuna ndugu gani kule?"

"Andika nilivyosema."

"Lakini Baba, kitabu cha ukoo bila ukoo..."

"Sina mtu Newala," akasema, akafunga daftari, akaondoka hata chai hakumaliza.

Mimi nina kasoro moja, hata marehemu mama yangu alikuwa akiisema: nikinyimwa kitu, hapo ndipo nakitaka. Siku hiyo nikaendelea kuchapa. Lakini wiki iliyofuata Baba akanituma nikachukue cheti chake cha kustaafu sandukuni, nikitolee kopi. Nikakipata. Na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari sandukuni, nikauacha uendelee. Chini kabisa, ndani ya bahasha, kulikuwa na kadi ya shule iliyogeuka rangi ya chai. Mwaka 1957, darasa la kwanza, Lichehe, Newala. Jina la mwanafunzi: Makombo Khalidi.

Makombo! Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Mwalimu Mujibu, mtu ambaye ukimwandikia barua yenye kosa anaisahihisha kwa wino mwekundu na kukurudishia, aliwahi kuitwa Makombo, yale mabaki ya ugali tunayowatupia kuku!

Najua mtaniuliza: we Zena, mtu wa Masasi mzima, hukujua mwiko? Nilijua. Kwetu huku kila mtu anajua kwamba mtoto akitoka jandoni anapewa jina jipya, lile la utotoni linaachwa huko huko porini, na atakayemwita nalo amemtukana tusi zito. Lakini nilijua kama ninavyojua kwamba chumvi nyingi ni mbaya. Siku hizi watoto wetu tunawapeleka hospitali Disemba, jina linabaki lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, wanarudi na biskuti mkononi. Mimi nikapiga hesabu zangu za kisomi. Baba kaondoka Lichehe kijana. Nikimuulizia Mujibu, nani atamjua? Nikimuulizia Makombo, wazee watakumbuka mara moja. Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, na nadhani walikuwa wananitazama mimi.

Nikamwambia Baba nakwenda Tandahimba kufuata wino wa printa, nikapanda gari la asubuhi la Newala. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho umepamba moto. Kutoka Newala mjini nikachukua bodaboda, na bodaboda, baada ya kunijaza vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akanishusha mbele ya ghala la chama cha ushirika pale Lichehe. Akasema leo wanapima korosho, kijiji kizima kiko hapa, uliza tu.

Kweli kilikuwepo. Watu kama hamsini wamekaa juu ya magunia yao wanasubiri mzani. Mezani alikuwepo karani, kijana mnene mwenye tabasamu, na mbele yake kipaza sauti cha mkononi cha kuitia majina. Baadaye nilijua anaitwa Kulwa, mwenyeji wa Shinyanga, na ana mwezi mmoja tu tangu aletwe huku. Laiti ningejua mapema.

"Kaka, samahani. Natafuta nyumbani kwa Makombo Khalidi."

Watu wa gunia la karibu wakanyamaza ghafla. Mimi nikadhani wanafikiri.

"Ondoa shaka, dada yangu," Kulwa akasema. "Kazi ndogo hiyo." Akainua kipaza sauti. "MAKOMBO KHALIDI! MAKOMBO KHALIDI! Ndugu yeyote wa Makombo Khalidi afike mbele, ana mgeni! Narudia, MAKOMBO!"

Mzani ulisimama. Mama mmoja akamziba mjukuu wake masikio. Bibi wa pembeni yake akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Kisha mzee mmoja mrefu, rozari shingoni, akanyanyuka kutoka kwenye gunia lake.

"Zima hilo dude!"

Kulwa akazima.

"Wewe mama, ni nani wewe?"

"Shikamoo, babu. Naitwa Zena. Mama Ashraf, wa Masasi. Huyo ninayemtafutia kwao ni baba yangu mzazi."

"Baba yako!" Mzee akawageukia watu. "Mmesikia? Baba yake mzazi! Mtu katoka jandoni mwaka hamsini na tisa, mtu mzima, ana wajukuu, na binti yake wa kumzaa anakuja kumvua nguo mbele ya magunia ya watu!"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mimi sikujikwaa tu, nilianguka kifudifudi na kipaza sauti juu. Nikaomba radhi kulia na kushoto. Kulwa naye akaomba, akaeleza kwamba kwao Shinyanga jina ni jina tu. Akaambiwa kwao Shinyanga ni mbali, na anyamaze.

Yule mzee, Mzee Gervas, katekista wa zamani, ndiye aliyekuwa akisuluhisha mambo ya kijiji, wa dini hii na wa ile. Akakohoa, akatoa hukumu pale pale: faini ni kuku mmoja mzima, anapewa aliyetukanwa. Yakazuka mabishano. Jina limetajwa mara ngapi? Mimi mara moja, karani mara nne. Mmoja akasema kipaza sauti kihesabiwe zaidi, maana kimefika mpaka kijiji cha pili. Mwingine akasema hapana, chombo hakina mama wala baba, hakiwezi kutukana. Nilisimama pale nikisikiliza watu wazima wakipima tusi langu kama wanavyopima korosho, nikaanza kupata hasira, maana hata aibu ina kiwango chake.

"Kuku mmoja nitatoa," nikasema. "Niuzieni sasa hivi, nimpelekee mwenyewe Masasi, yaishe."

"Yaishe," Mzee Gervas akakubali.

"Hayaishi."

Sauti ilitoka nyuma ya foleni. Akaja kikongwe mmoja mdogo, mwembamba, kanga kiunoni, mikono imebabuka kwa utomvu wa korosho. Watu wakampisha. Akanishika kidevu bila kuniomba ruhusa, akanigeuza uso huku na huku.

"Pua ya Mama hii," akasema. "Mimi Swaumu. Huyo uliyemtukana ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi ni shangazi yako."

Na mdomo wangu, ambao siku ile ulikuwa umeapa kuniua, ukasema wenyewe: "Lakini Baba kaniambia hana mtu Newala."

Shangazi Swaumu akaniachia kidevu. Lichehe nzima ikawa inamtazama yeye badala ya kunitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Alisema hivyo?"

"Shangazi, pengine alimaanisha..."

"Gervas," akasema, "faini ya jina haipokelewi na mjumbe. Aliyetukanwa anakuja mwenyewe, anapokea kwa mkono wake, mbele ya masikio yaliyosikia. Ndiyo sheria."

Mzee Gervas akakuna kichwa. "Swaumu, sheria hiyo mimi siikumbuki."

"Wewe katekista. Sheria zako ziko kwenye kitabu. Hii iko kichwani mwangu."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi, niliyeona wazi kwamba sheria ile imezaliwa dakika ile ile, sikubisha.

Akanichukua nyumbani. Ndipo nilipoiona ile nyumba kubwa ya kwenye kitabu. Niliizunguka kwa hatua ishirini na sita, na hizo ni pamoja na kukwepa mbuzi. Vyumba viwili vya udongo, bati juu, mfereji wa bati unaoteremsha maji ya mvua kwenye kisima cha saruji chenye mfuniko na kufuli. Ufunguo wa kufuli Shangazi aliuvaa shingoni. Nilipoomba maji ya kunawa vumbi, alinipimia kikombe kimoja, akasimama kuhakikisha sikimwagi. Watu wa Newala na maji, wacheni tu.

"Baba anasema ni nyumba kubwa," nikamwambia.

"Alikuwa mdogo," akajibu. "Chumba hicho ndipo alipozaliwa. Mimi nilikuwa na miaka minne, nilikaa hapo mlangoni. Kabla yake walikufa watatu, Zena. Watatu! Basi alipozaliwa, Mama akakataa kumpa jina zuri. Akasema nikimpa zuri, kifo kitamtaka. Huyu ni makombo tu, kifo kimeshakula kimeshiba, kipite. Ndiyo Makombo. Mimi nilimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito kunishinda, na bado nikambeba."

Mimi sikuandika. Nilikuwa na daftari na kalamu kama mwandishi kamili, lakini sikuandika. Nilikumbuka nilivyocheka juu ya kitanda chake.

Akanipa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, imechemshwa, na chumvi yenye pilipili pembeni. Nilipokula nikashiba, nikauliza kilichokuwa kinanikaba.

"Shangazi, mligombania nini? Shamba?"

"Kiti."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mwaka themanini na nne mama yao alifariki. Baba alikuwa Lukuledi, mwalimu mkuu mpya, barabara mbovu, gari likaharibika, akafika siku ya tatu, mazishi yameshapita. Ndugu wote wako chini kwenye mikeka. Shangazi akamwona mdogo wake anaingia, suruali nyeupe imepigwa pasi. Akasema moyoni, jamani, mwalimu mkuu huyu, atakaa vumbini na suruali ile? Lichehe nzima ilikuwa na kiti kimoja cha mikono, cha Gervas. Akaenda kukiazima, akakibeba kichwani, akakiweka mbele ya mdogo wake kwa heshima zote.

"Akakitazama," Shangazi akasema. "Akanitazama. Akageuka akaondoka. Hata maji hakunywa."

"Kwa nini hukumfuata ukamwuliza?"

"Mimi mkubwa! Yeye ndiye wa kuuliza."

"Miaka arobaini, Shangazi?"

"Kwani mimi nilijua itakuwa arobaini?" akasema kwa ukali, kisha sauti ikashuka. "Nilidhani Iddi itakayofuata atakuja. Halafu iliyofuata. Nina miaka sabini na tisa, mwanangu. Redio ikisoma matangazo ya vifo vya Masasi, nasikiliza mpaka mwisho, wasipomtaja ndiyo nakwenda shamba. Nimechoka. Nataka kumwona ndugu yangu akiwa hai na mimi nikiwa hai. Basi, hicho tu. Wewe umeniletea kosa zuri, silipotezi. Mpigie simu."

Nikapiga.

"Umepata wino?" Baba akauliza.

"Baba, niko Lichehe."

Nikaendelea kabla hajaniuliza zaidi.

"Baba, nimefanya kosa. Nilikuta kadi yako ya shule. Nimekuulizia kwa jina la... lile la kwenye kadi."

Nikatazama simu kama salio limekwisha.

"Umelitamka mbele ya nani?" Sauti ile ilikuwa ya mwalimu mkuu, ile ya kabla ya fimbo. Nina miaka arobaini na tatu, nikasimama wima.

"Watu wachache, Baba."

"Wangapi?"

"Hamsini. Na kipaza sauti."

"Kipaza sauti!"

Sitayaandika yote aliyosema. Mengine yalikuwa ya kweli. Nilipopata nafasi nikamweleza habari ya faini, kwamba lazima aje apokee mwenyewe, vinginevyo tusi linabaki hewani pale kijijini na watoto wataanza kuliimba. Hilo la watoto kuimba nililiongeza mimi. Shangazi, aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu upande wa pili, akaniunga mkono kwa kichwa.

"Na yule mama," Baba akasema taratibu. "Yupo?"

"Yupo."

"Ndugu wote kwenye mkeka, Zena. Msiba wa mama yangu mzazi. Mimi naletewa kiti, kama bwana shamba aliyekuja kukagua mihogo. Mbele ya watu wote ananiambia wewe si mwenzetu."

"Baba, lakini yeye anasema..."

Shangazi akanikanyaga mguu.

"Nakuja kesho kulinda heshima yangu," Baba akasema. "Napokea kuku, naondoka. Sikai."

Simu ikakatika. Shangazi Swaumu akakaa chini, akashika magoti yake kwa mikono miwili. "Anakuja," akasema, na mara akainuka tena na kuanza kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Asubuhi yake nikaamka nikakuta kuna kazi inaendelea. Shangazi alikuwa amepita nyumba nne za jirani anakusanya viti, vigoda, stuli, hata ndoo za kukalia, anavifungia stoo ya korosho. Uwanjani aliacha mikeka mitupu. Mzee Gervas alifika na fimbo yake na magoti yake mabovu, akatazama huku na huku.

"Swaumu, na mimi?"

"Wewe pia."

"Mimi nina baridi yabisi!"

"Kiti chako kimenitia hasara miaka arobaini, Gervas. Kaa chini!"

Akakaa, huku akinung'unika kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wala hakuna methali iliyomtaja mwenye kiti. Watu wa jana wote walikuja, na wa vijiji vya jirani ambao jana hawakuwepo na walikuwa wanasikitika sana kukosa. Kulwa alikuja na kuku wake mwenyewe, kwa hiari, na bila kipaza sauti. Mzee Gervas akampokea huyo kuku, akamwambia chombo hakitozwi, akampa mama mwenye mjukuu amrudishe nyumbani kwa karani.

Saa nne gari likafika. Baba akashuka: kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya lasi, kalamu mbili mfukoni. Akasalimia wote kwa pamoja kama gwaride, wakaitikia. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa ile nyumba na tenga la kuku miguuni pake, na Baba alitazama kila kitu pale uwanjani, bati, kisima, mbuzi, isipokuwa yeye. Niliona macho yake yanatafuta kiti, hayakioni, yanatafuta tena.

"Karibu mkekani, Mwalimu," Mzee Gervas akasema kutoka chini.

"Sikuja kukaa."

Basi tukaanza. Nikapiga magoti mbele ya baba yangu. Nikasema mimi Zena binti Mujibu nilimkosea baba yangu kwa ulimi wangu, sirudii, naomba radhi kwake na kwa masikio yote yaliyosikia. Nikampa kuku niliyemnunua asubuhi, jike la kijivu, mkorofi. Baba akampokea kwa mikono miwili, akamtia kwapani. Yule kuku akaanza kumdonoa kalamu. Hakuna aliyethubutu kucheka, lakini niliona mkeka mzima unatikisika.

"Nimepokea," Baba akasema. "Tusi limekwisha. Asanteni." Akageuka kulielekea gari.

Hapo nilitaka kupiga kelele. Nimempigia magoti vumbini, nimesafiri, nimetukanwa, na yeye anaondoka na kuku! Nilifungua mdomo. Lakini Shangazi alinitangulia.

"Makombo."

Jamani! Hata mbuzi walinyamaza. Baba akasimama pale pale, mgongo kwetu.

"Swaumu!" Mzee Gervas akajaribu kuinuka, akashindwa. "Mbele za watu! Mtu mzima na akili zako! Faini!"

"Bei naijua," Shangazi akasema. Akatia mkono kwenye tenga, akatoa jogoo aliyefungwa miguu, akatembea mpaka aliposimama Baba, akamweka chini karibu na viatu vyake. "Makombo, kile kiti nilikibeba kichwani kutoka kwa Gervas. Siku ya tatu sijatia kitu mdomoni, nikakibeba. Suruali yako ilikuwa nyeupe, na mimi nilikuwa naringa mbele ya wenzangu kwamba mwenye suruali ile ni mdogo wangu. Sikutaka ichafuke. Hiyo ndiyo dharau niliyokufanyia." Akarudi kwenye tenga, akaleta kuku wa pili, akamweka karibu na wa kwanza.

Baba akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama. "Ungeniambia," akasema, na sauti ya mwalimu mkuu haikuwemo.

"Ungeuliza, Makombo." Kuku wa tatu.

Mzee Gervas alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa vidole tu, nadhani kwa mazoea.

"Na kuna jambo sikupata kukwambia," Shangazi akasema. "Mama hakufa anamwita Mujibu. Aliita Makombo, Makombo, siku mbili nzima, na wewe uko njiani na lile gari bovu. Nilimwambia anakuja Mama, anakuja. Hakuna aliyemtoza faini." Akaleta kuku wa nne. Kuku akamponyoka, ikabidi amwokote tena ndipo amweke. "Walioweza kukuita jina hilo wameondoka wote, nimebaki mimi peke yangu. Nikiondoka na mimi, dunia nzima itakuita Mwalimu tu."

Mimi nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Kulwa wa Shinyanga alikuwa analia kunishinda. Shangazi akarudi kwenye tenga, akainama, akatia mkono, akapapasa huku na huku. Kisha akasimama wima.

"Kuku wamekwisha," akasema. Akafuta mikono kwenye kanga, akajinyoosha kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Basi, Mwalimu Mujibu. Ahsante kwa kuja. Safari njema."

Baba hakwenda popote. Alisimama katikati ya kuku wanne waliofungwa miguu, wa tano kwapani anamdonoa, kofia imekwenda upande. Mtu aliyeandika kurasa nne za choo alikuwa hana neno hata moja.

Akainama. Magoti yakalia, tukayasikia wote. Akamwokota yule jogoo, akatembea naye hatua zile chache mpaka kwa dada yake, akamtia mikononi.

"Huyo ni faini yako," Shangazi akasema. "Haki yako."

"Nakurudishia," Baba akasema. "Niite tena."